Tathmini ya kupandikizwa utumbo mwembamba: kila kipimo kinajibu swali gani?

mkalimani_wodini

Habari zenu wakuu.

Naomba msaada wa wenye ujuzi. Kuna familia ya Waswahili huku Marekani, mgonjwa wao ameitwa kwa tathmini ya siku 5 katika hospitali inayopandikiza utumbo. Ratiba waliyopewa ina kurasa 3 za vipimo bila maelezo yoyote, na wao ndio watakaosaini. Nataka waelewe kila kipimo kinatafuta nini.

Hali yenyewe: mama wa miaka 34, kilo 46. Utumbo ulijisokota, sehemu kubwa ikafa, ikakatwa. Zimebaki sm 40 za jejunamu (sehemu ya katikati ya utumbo mwembamba), zimeunganishwa na nusu ya utumbo mpana. Hana stoma (tundu la tumboni la kutolea choo). Yuko kwenye lishe ya mshipa, TPN, mwezi wa 14 sasa, usiku 7 kwa wiki. Bilirubini (rangi ya njano inayosafishwa na ini) imekaa 4.8 kwa wiki 10, chembe sahani (za kugandisha damu) 95,000. Amepata maambukizi ya laini (mpira wa mshipani wa kupitishia TPN) mara 2, mara ya pili akalazwa ICU. Mshipa wa shingo wa kushoto umeziba, na ule wa chini ya mtulinga upande huohuo nao umeziba. Amezaa watoto 3, ameongezewa damu chupa 6. Kreatinini yake, kipimo cha damu cha figo, ni 0.7.

Wataanza na nini? Nini kinaweza kumkwamisha? Na kwa nini figo zinapimwa upya wakati kreatinini ni nzuri hivyo?

dk_tumbo

Salaam mkuu. Familia ielewe jambo moja kabla ya mengine: kuitwa kwenye tathmini si kuwekwa kwenye orodha. Mgonjwa ambaye TPN inamkubali, ini lake zima na mishipa yake wazi, huachwa na TPN yake, maana upandikizaji wa utumbo bado una hatari kubwa. Takribani nusu ya matumbo yaliyopandikizwa ndiyo huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 5. Kwa hiyo timu inataka kuhakikisha kwamba TPN kweli inamshinda huyu mama.

Kwake kinachosukuma ni ini. Vigezo vilivyochapishwa mwaka 2020 vinataja bilirubini inayozidi 4.5 kwa zaidi ya miezi 2, hata baada ya kurekebisha mafuta ya kwenye TPN. Wanaosoma kwa mikromoli, hiyo ni 75. Yeye amevuka. Lakini sepsisi (maambukizi makali yaliyoenea mwilini) peke yake hupandisha bilirubini, hivyo watarudia kipimo akiwa hana homa na damu iliyooteshwa maabara haina kitu.

Chembe sahani 95,000 zinanitia wasiwasi zaidi kuliko umanjano. Zinaposhuka hivyo, mara nyingi wengu umevimba kwa sababu damu haipiti vizuri kwenye ini. Hapo wataingiza kamera ya mdomoni kutazama kama mishipa ya umio imetutumka, watapima ugumu wa ini, kisha biopsi (kuchukua kipande kidogo cha ini cha kuchunguza).

Biopsi hii kwa kawaida haichomwi ubavuni, kwa hatari ya kuvuja damu. Hupitishwa kwenye mshipa wa shingo wa kulia hadi ndani ya ini, na waya uleule unapima tofauti ya shinikizo. Tofauti ya hadi 5 mmHg ni ya kawaida. Ikifika 10 na zaidi, shinikizo ni la hatari. Majibu haya mawili, kovu na shinikizo, ndiyo yanayoamua apewe nini:

Kovu likiwa dogo na shinikizo liko chini, utumbo peke yake unatosha. TPN ikishaondoka, ini lenye umanjano bila kovu kubwa hurudi lenyewe.

Kovu likiwa kubwa au limefika sirosisi, na shinikizo liko juu, atahitaji ini na utumbo kwa pamoja, kwa kawaida na kongosho, kutoka kwa mtoaji mmoja. Ukimpa utumbo peke yake, damu ya utumbo mpya inaelekea kwenye ini lililoziba, na utumbo unavimba.

Kuna pia upandikizaji wa viungo vingi unaoongeza tumbo, yaani mfuko wenyewe wa chakula. Huo ni wa wale ambao tatizo ni misuli kushindwa kusukuma chakula, au mishipa yote inayotoa damu kwenye matumbo imeganda. Yeye utumbo ulijisokota tu, kwa hiyo sidhani watafika huko, ila watapima kasi ya mfuko kumwaga chakula.

Kuhusu mishipa: kigezo ni mishipa mikubwa 2 kuziba, na yeye tayari anayo 2.

lishe_na_kilo

Naongeza upande wa utumbo uliobaki, maana ndilo swali ambalo familia husahau kuuliza.

Sm 40 zilizounganishwa na utumbo mpana ziko chini ya sm 60, na chini ya hapo mtu mzima wa aina hii ya uunganishaji kwa kawaida hategemewi kuachana na TPN. Lakini sm 40 za nani? Kama ni za daktari aliyekata, alizipima zikiwa tayari zimenyooshwa kwa uzi kando ya utumbo, au alikadiria kwa macho? Ndiyo maana wanarudia kwa dawa ya kunywa na eksirei, wanafuata utumbo kuanzia duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) hadi kwenye kiungio. Wanatazama pia upana. Utumbo uliotanuka hadi sm 4 hivi au zaidi unaweza kurefushwa kwa kuushona kwa zigizaga, upasuaji ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Usiotanuka haurefushwi. Na ini likiwa na shinikizo kubwa, upasuaji huo wenyewe unakuwa hatari.

Watachukua sitrulini, asidi amino inayotengenezwa na chembe za utumbo mwembamba. Ikibaki chini ya 20 miaka 2 baada ya upasuaji, matumaini ya utumbo kujitosheleza ni madogo sana. Yeye yuko mwezi wa 14, bado yuko ndani ya kipindi ambacho utumbo hujizoesha, kwa hiyo namba hiyo isisomwe peke yake. Pia figo zikiwa dhaifu sitrulini hupanda, mkafikiri utumbo umeimarika kumbe sivyo.

Kuna teduglutidi, sindano ya kila siku inayokuza ukuta wa utumbo, 0.05 mg kwa kila kilo. Kabla ya kuianza utumbo mpana unaangaliwa kwa kamera, maana haitolewi palipo na saratani ya njia ya chakula. Tatizo ni kwamba inafanya kazi kwa miezi, na ini la huyu mama huenda lisimpe miezi hiyo.

Watapekua pia mfuko wa TPN wenyewe. Mafuta ya soya yamepunguzwa chini ya gramu 1 kwa kilo kwa siku? Yamebadilishwa kuwa yenye mafuta ya samaki? Sukari si nyingi kupita kiasi? Inaingia kwa saa 10 hadi 12, au saa 24 mfululizo? Kama hakuna lililojaribiwa, nisingeshangaa timu ikasema: rekebisheni haya kwanza, rudini baada ya wiki kadhaa.

radiolojia_ya_mishipa

Dk_tumbo, heshima mbele, ila nisahihishe hapo mwisho. Mishipa 2 ni kigezo cha zamani, kile cha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Cha 2020 kinahesabu mishipa 4 ya juu: shingo mbili na chini ya mtulinga mbili. Zikiziba 3 kati ya 4, hapo ndipo inahesabika, na kwa watu wazima huamuliwa kwa kila mgonjwa peke yake. Yeye ana 2 za kushoto. Bado hajafika, lakini akipoteza mmoja tu wa kulia, amefika.

Wala msiamini ultrasaundi pekee. Inaona shingo vizuri, lakini haioni nyuma ya mtulinga na nyuma ya mfupa wa kifua, na huko ndiko laini huacha makovu. Ombeni CT au MRI ya mishipa ya kifua, shingo, tumbo na mapaja. Zikiacha shaka, dawa ya picha inaingizwa kwa waya moja kwa moja.

Kwa nini ramani hii ni muhimu hivyo? Wakati wa upasuaji mshipa mkubwa wa chini unaweza kubanwa, na damu nyingi ikapotea. Mtaalamu wa nusukaputi lazima awe na njia pana za juu, juu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, za kurudishia damu kwa kasi. Mgonjwa asiyekuwa nazo anaweza kukataliwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Ushauri wa kushika: ramani ya mishipa, biopsi ya shingoni na kipimo cha shinikizo vifanywe kwa kikao kimoja. Yeye ana shingo moja tu iliyobaki. Msiruhusu itobolewe mara 3 katika siku 5.

CT hiyohiyo inapima nafasi ya tumbo. Utumbo ukitolewa, tumbo hunywea, na kiungo kipya hukosa mahali. Kwa tumbo kama hilo timu hutafuta mtoaji mwenye uzito wa nusu hadi robo tatu ya mgonjwa. Kwa kilo 46 maana yake ni mtoaji wa kilo 23 hadi 35, na watu wa uzito huo ni wachache. Familia iambiwe mapema kwamba kungoja kunaweza kurefuka kwa sababu hii, wala si kwa kusahauliwa.

dk_tumbo

Umenisahihisha vyema, ahsante. Basi kwake ini na ile ICU ndivyo vitakavyobeba hoja, mishipa iongezee uzito tu.

figo_na_dawa

Nijibu lile la kreatinini. Kreatinini inatoka kwenye misuli. Mtu wa kilo 46 aliyekonda miezi 14 hana misuli ya kuitengeneza, kwa hiyo 0.7 inaweza kuficha figo zilizopoteza nusu ya nguvu. Watapima sistatini C (kipimo kingine cha damu, kisichotegemea sana misuli), au bora zaidi watamchoma dawa ya kipimo kama ioheksoli na kuchukua damu kwa saa kadhaa waone figo zinaisafisha kwa kasi gani.

Tena yeye ana sababu ya ziada. Kwa mwenye utumbo mfupi aliyebakiwa na utumbo mpana, mafuta yasiyofyonzwa hushika kalsiamu, oksaleti inabaki huru, utumbo mpana unaifyonza, na inakwenda kuganda kwenye figo. Mkojo wa saa 24 upimwe oksaleti, na picha itafute mawe.

Kwa nini yote haya? Takrolimusi, dawa kuu ya kuzuia mwili usiukatae utumbo, inaumiza figo, na miezi ya mwanzo kiwango chake huwekwa juu kuliko kwa waliopandikizwa figo, aghalabu 10 hadi 15. Uwezo wa figo ukiwa chini ya mililita 30 hivi kwa dakika, mjadala wa kuongeza figo kwenye upandikizaji unaanza.

Damu ya kingamwili isipuuzwe. Mimba 3 na chupa 6 za damu zinaweza kuwa zimemfundisha mwili kushambulia tishu za watu wengine. Zikiwa nyingi, watoaji wanaomfaa wanapungua. Na utumbo hauvumilii kukaa kwenye barafu: timu hupenda usizidi saa 6 hadi 8, kwa hiyo hakuna muda wa kuchanganya damu maabara na kusubiri. Wanategemea orodha ya kingamwili iliyopo kwenye faili. Kila akiongezewa damu tena, sampuli mpya ipelekwe, la sivyo orodha hiyo inadanganya.

Vipimo vya damu kuganda navyo vina mtego. Protini C, protini S na antithrombini, zinazozuia damu isigande ovyo, hutengenezwa na ini. Ini likiumwa zinashuka hata kwa mtu asiye na ugonjwa wa kurithi. Kati ya dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini inashusha mbili za kwanza, heparini ya tatu. Vya vinasaba, kama faktari V Leiden, ndivyo visivyoyumba.

maambukizi_na_chanjo

Kwa mgonjwa aliyezaliwa au kuishi Afrika Mashariki, kuna vitu vya kudai kwa jina kama havimo kwenye ratiba.

Strongiloidi. Huyu mnyoo anaweza kuishi mwilini miongo bila dalili, kisha dawa za kushusha kinga zikianza anasambaa na kuua. Kipimo ni cha damu, na tiba ya ivamektini itolewe kabla ya upandikizaji. Mfamasia aulizwe ataifyonzaje mwenye sm 40 za utumbo.

Kichocho, hasa kama alikulia kando ya ziwa au mabonde ya mpunga. Kichocho cha tumbo chenyewe kinaleta kovu na shinikizo kwenye ini, na anayesoma biopsi inafaa ajue mgonjwa katoka wapi asije akasukumia TPN lawama zote.

Kifua kikuu kilicholala. Kitibiwe mapema kadiri ini linavyoruhusu, kwa sababu rifampisini inavuruga kiwango cha takrolimusi vibaya sana.

Virusi vya CMV na EBV vinapimwa ili kujua kama mwili wake unavifahamu. Asiyewahi kukutana na EBV akipewa utumbo wa aliyenayo, hatari ya saratani ya tezi za limfu inapanda. VVU, homa ya ini B na C vitapimwa pia. VVU peke yake si sababu ya kukataliwa siku hizi kama imedhibitiwa.

Chanjo zenye virusi hai, yaani surua na tetekuwanga, zitolewe angalau wiki 4 kabla. Baada ya upandikizaji haziruhusiwi. Familia zinazotegemea kwenda nyumbani zizingatie kwamba ya homa ya manjano nayo ni hai.

Meno pia. Jino bovu ni mlango wa bakteria, na miadi ya daktari wa meno hukwamisha faili za watu wengi bila sababu.

mratibu_orodha

Mimi niseme ya karatasi, maana hapa ndipo wiki zinapopotea.

Waende na: taarifa ya upasuaji wa kwanza na zote zilizofuata, majibu ya maabara ya utumbo uliokatwa, fomula za TPN za miezi 3, uzito wa kila wiki, na majibu ya damu zote zilizooteshwa yakiwa na jina la mdudu. Kisha watengeneze jedwali la laini, mstari mmoja kwa kila laini: tarehe, mshipa gani, ilikaa muda gani, ilitolewa kwa nini. Mfano: "Machi hadi Juni, shingo kushoto, ilitolewa kwa Klebsiella." Hospitali mbili zikiwa na kumbukumbu tofauti, jedwali hilo ndilo litakaloonyesha mshipa ambao kila mtu anadhani uko wazi kumbe hauko.

Mazungumzo na mtaalamu wa ustawi wa jamii na mwanasaikolojia yana uzito sawa na CT. Watauliza nani atakaa naye saa 24 na nani wa akiba. Wataje watu 2 kwa majina, wenye ruhusa ya kazini, walio tayari kuishi karibu na hospitali kwa miezi kadhaa. "Ukoo wetu ni mkubwa" si jibu. Wataulizwa dawa kali za maumivu, sigara, pombe, na kama laini inashikwa kwa usafi. Waseme kweli. Anayetumia dawa nyingi za maumivu hupewa mpango wa kuzipunguza, anayeficha hugundulika kwenye mkojo na kupoteza imani ya timu. Na mkalimani awe wa hospitali, asiwe mtoto wa mgonjwa.

Tathmini ikiisha, kamati inakaa. Majibu huwa matatu: anakubaliwa, anaahirishwa hadi jambo fulani likamilike, au anakataliwa. Saratani hai, maambukizi yasiyodhibitiwa, moyo au mapafu yasiyohimili, kukosa njia ya mishipa na kukosa mtunzaji ndizo sababu za kawaida za kukataliwa. Barua lazima itumwe ndani ya siku 10 za kazi. Akikataliwa anaruhusiwa kwenda kituo kingine, na akikubaliwa anaweza kuandikishwa vituo viwili.

Kwa anayengoja utumbo peke yake, daraja ni mbili. La kwanza ni la wenye ini lililoanza kuharibika au waliokosa mishipa ya TPN. Ini lake likionekana hivyo, aulize kwa uwazi amewekwa daraja gani.

Kwa wasomaji wa nyumbani wanaofikiria India: mgonjwa mgeni akiwa na mtoaji aliye hai, kanuni zao zinataka ubalozi uthibitishe udugu wao. Mtoaji hutoa sm 150 hadi 200 za ileamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba), akiachiwa kipande cha mwisho chenye vali. Karatasi za ubalozi zianze kabla ya tiketi.

mkalimani_wodini

Ahsanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: TPN yake inaendelea siku hizo 5? Na damu nyingi hivyo itachukuliwa wapi, kwenye laini?

lishe_na_kilo

TPN inaendelea usiku kama kawaida, mchana abaki huru kwa vipimo. Mifuko isafirishwe kwenye boksi la baridi, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Itolewe saa 1 au 2 kabla ya kuunganishwa, na vitamini ziingizwe wakati huo, zisiingizwe asubuhi. Kama kuna kipimo cha alfajiri cha kufunga, pampu ipunguzwe mwendo kwa saa nzima ya mwisho badala ya kukatwa ghafla, sukari isije ikamwangusha njiani.

Damu ichukuliwe mkononi inapowezekana. Ikibidi laini, pampu isimamishwe kwanza, isichukuliwe kwenye njia inayopitisha TPN, na ile ya mwanzo imwagwe. Tone la TPN likibaki humo, sukari na potasiamu vinaonekana viko juu mno, na mtu anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) isipimwe mafuta yakiwa bado yanaingia. Na kila laini inapofunguliwa, kizibo kisuguliwe kwa spiriti sekunde 15 na kiachwe kikauke, hata kama anayefungua ni daktari mkubwa na ana haraka. Anayemsindikiza mgonjwa ana ruhusa ya kumwambia asubiri.